Mwaka Tuliompeleka Mwalimu Chidosa Mtandaoni

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Chidosa kwao Mvumi. Jeneza lilikuwa bado halijashushwa pale mwanaume mmoja mnene, aliyevaa suti, alipovua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akaingia kaburini na kujilaza chali. Akasema hatoki. Akasema huyu Mgogo hazikwi leo mpaka yeye apewe jogoo, tena jogoo wa kweli, asiwe wa kuazima kwa jirani. Wazee wa ukoo wakacheka na kuanza kubishana naye kutoka juu. Jogoo akaletwa akiwa amefungwa miguu, yule mtu akamkataa kwa kusema amekonda kama marehemu. Mchungaji alifunga kitabu chake akasubiri, kwani ni mtu wa huko huko na mambo hayo anayajua. Lakini vijana waliotoka mjini walishika midomo, na simu zikainuliwa juu kila upande. Binti wa kaka yangu, niliyekwenda naye kwa sababu anaendesha gari vizuri kuliko mimi, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, shangazi, yule mtu ana akili timamu kweli? Nikamwambia yule ni Mihayo, nilisoma naye chuo, ni Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Akasema aa, watani wa jadi, kama zile timu mbili za mpira. Nikasema ndiyo, halafu nikasema hapana.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akinidai maelezo, na mimi sina tabia ya kukosa la kusema. Watu wa nyumbani kwangu wanalijua hilo na wamelizoea. Lakini siku ile sikuweza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui Mihayo alikwenda kufanya nini mle kaburini. Kumcheka Mwalimu? Kumlilia? Kumsamehe, au kumwomba msamaha? Nilimwangalia alipotoka na vumbi jekundu mgongoni, jogoo kwapani, machozi yanamtoka na meno yote nje, nikarudi moja kwa moja kwenye mwaka wetu wa tatu chuoni. Mwaka ule umenisumbua sana. Nimeusimulia mara nyingi, na kila nikiusimulia anayekosea hubadilika. Safari hii nauandika kama nilivyouona, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Tulikuwa tumepanga Area D, pale Dodoma, mimi na Zubeda, chumba na ukumbi mdogo kwenye nyumba ya Mama Neema. Zubeda ni Msandawe wa Chemba, mtu wa maneno machache kwa Kiswahili na maneno mengi sana kwa Kisandawe. Jioni akimpigia simu bibi yake, mimi nakuna nazi au napepeta mchele na kusikiliza ile lugha yao inavyogongagonga, nikijua tu pale linapopita jina langu au jina la Mwalimu. Mimi ni Mhaya, na mwaka ule wote nilikuwa nalilia ndizi. Zubeda alipika ugali wa uwele na mlenda karibu kila siku, na mimi karibu kila siku nililalamika kwamba mlenda unaniponyoka kabla haujafika mdomoni, halafu nakula mpaka naomba ukoko. Ukumbi ule ulikuwa na meza moja, na juu ya meza ile ndipo mihadhara ya Mwalimu Chidosa ilipokatwa, ikaunganishwa na kutumwa duniani, katikati ya sufuria na bakuli la zabibu ambazo Mama Neema alituletea zikiwa zimeanza kulainika.

Wazo lilikuwa la Mwalimu mwenyewe. Alikuwa akitufundisha fasihi simulizi na mila, na darasa lake lilikuwa na watu wa dirishani. Wafagiaji walisimama pale na fagio zao, mafundi bomba, mama aliyeleta chapati kwa ajili ya kuuza, siku nyingine hata dereva wa mkuu wa chuo. Mwalimu hakuwafukuza kamwe, ila aliongeza sauti. Siku moja akauliza darasa zima, kama hawa wa dirishani wanasikia vizuri, wale wasio na dirisha je? Simu ya Zubeda ndiyo iliyokuwa na kamera nzuri kuliko zetu zote, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo, kwa hiyo kazi ikagawanyika yenyewe. Zubeda arekodi na kukata. Mimi nisome maoni ya watu na kuwajibu. Ofisi ya chuo ilikubali kwa sharti moja tu, kwamba uso wa mwanafunzi usionekane na sauti ya mwanafunzi isisikike, kwa sababu sisi hatukutia saini ya kuonyeshwa kwa watu. Lilikuwa sharti la busara. Hata leo nikiwa kwenye nafasi yao ningeliweka.

Basi, maoni yakaanza kuja, na kichwa kikaanza kunizunguka. Nilitarajia wanafunzi wa vyuo vingine na walimu. Walikuwepo, lakini wachache. Waliojaa walikuwa watu ambao sikujua niwaweke wapi. Mmoja aliandika "Amina" chini ya kila mhadhara, hata ule wa vitendawili. Mwingine aliuliza kama Mwalimu ana mke. Mwingine alitaka kujua kama wafu wanasikia wanapoimbiwa, na hakuuliza kwa kubishana, aliuliza kama mtu anayehitaji jibu kabla jua halijazama. Wengine waliniita mimi Mwalimu. Nilizoea kuwajibu wote "asante kwa kutufuatilia," jibu ambalo Zubeda alisema ni sawa na kumpa mgeni kiti na kumnyima maji. Nilimuuliza sasa niwape nini, mimi nina maji gani? Akaendelea kukata video yake.

Kati ya watu wale alikuwepo mama mmoja wa Mpwapwa. Hakuweka picha yake, aliweka picha ya ng'ombe. Aliacha shule kidato cha pili, alisema hivyo mwenyewe, na alisikiliza mihadhara akiwa anakamua. Baada ya mhadhara wa mbolezi, zile nyimbo za kulilia wafu, aliandika kwamba Mwalimu amesema mbolezi huimbwa na wanawake, lakini kwao alipofariki babu yake aliyeimba ni mjomba, na wanawake walikaa kimya. Akauliza, aliyekosea ni Mwalimu au mjomba? Nilimpelekea Mwalimu swali lile nikiogopa kidogo. Alifurahi kama mtoto aliyepewa mua. Wiki iliyofuata aliingia darasani, hakutusalimu sisi, akaigeukia simu ya Zubeda iliyosimama kwenye kigoda cha kuwekea vitabu, akasema mama wa Mpwapwa, mjomba wako hajakosea, niliyekosea ni mimi. Darasa zima likageuka kuitazama simu, kana kwamba yule mama amekaa pale.

Kuanzia hapo kitu fulani kilibadilika, na sikuweza kusema ni kizuri au kibaya. Mwalimu alianza kuchana nywele. Alianza kusema "nyinyi mnaotusikiliza." Akitaka kuchekesha, alitupia jicho kigoda kwanza. Mihayo ndiye aliyelisema hilo waziwazi, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa. Alitangaza mbele ya wote kwamba Mwalimu ameoa mke wa pili Mpwapwa na sisi wa Dodoma tumekuwa watoto wa mke mkubwa. Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Hawa wawili walikuwa hivyo tangu mwaka wa kwanza. Mihayo aliweza kuingia akachukua kiti cha Mwalimu na kumwambia asimame kwa sababu Wagogo wamezoea kusimama njiani wakiomba. Mwalimu naye aliweza kumnyang'anya Mihayo karanga zake mbele yetu na kuzitafuna huku akifundisha, akisema mizigo ya Wanyamwezi ikipita Ugogo lazima ipungue. Mimi kwetu sikulelewa hivyo. Mara ya kwanza nilipowaona nilidhani watapigana. Zubeda alinieleza taratibu kwamba mtani hanuni, na kwamba hata ukifiwa, wenzako wote wakikulilia, mtani wako atakuja kukucheka, na utashangaa mwenyewe unavyocheka naye.

Baba yake Mihayo alifariki katikati ya muhula. Mihayo akaenda Tabora kuzika, akarudi amenyolewa kichwa, amepungua, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Tulimwendea mmoja mmoja tukimpa pole. Alikuwa anasema "tumeshapoa" kwa kila mtu, hata kwa mtu aliyemuuliza saa. Darasani alikaa nyuma, hakumtania mtu. Mwalimu aliingia, akaandika mada ubaoni, akageuka, akamwona. Nakumbuka aliweka chaki chini. Akamwambia, "Mihayo, nasikia mzee amekufa kwa uchoyo. Aliona Wagogo tunakuja, akaona bora afe na matobolwa yake kuliko kutukaribisha." Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula cha Wanyamwezi, na Mwalimu hakuishia hapo. Alisema tena mengine, kwamba maiti ilikuwa nzito kwa sababu mifuko ilijaa, kwamba hata huko ahera watamrudisha. Halafu Mihayo akainua kichwa, na sauti iliyomtoka sijui niiiteje, ilianza kama kikohozi ikawa kicheko. Akamjibu. Alimwambia Mwalimu kwamba baba yake alikuwa anamsubiri ahera kwa sababu amesikia huko hakuna Mgogo aliyewahi kuingia, wote wamekaa mlangoni wakiomba. Akamjibu tena na tena, na darasa likalipuka, na Mwalimu akashika meza akilia kwa kucheka. Siku ile Mihayo alikula nasi Area D, akala vizuri, akaongea habari za baba yake kwa mara ya kwanza.

Zubeda alikata mhadhara ule kama alivyokata yote. Hakufanya haraka wala hakuzembea. Kila palipokuwa na sauti ya mwanafunzi alitoa, kwa kufuata sharti. Kicheko cha darasa alikiacha, kwa sababu kicheko cha watu wengi si sauti ya mtu. Akafuta rekodi nzima kwenye simu kama kawaida yetu, maana ilikuwa inajaa haraka na wiki inayofuata inahitaji nafasi. Tukala, tukatuma, tukalala. Utani ni wa watu wawili. Ukimtoa mmoja, anayebaki anatukana, lakini kati yetu hakuna aliyeliona hilo pale mezani, na Zubeda aliijua mila ile kuliko mimi.

Asubuhi simu yangu ilikuwa ya moto. Mtu fulani, hatukumjua, alikuwa amechukua kile kipande peke yake na kukitupa kwenye magrupu, na kipande kikapanda mabasi kikafika kila mahali kabla sisi hatujanywa chai. Mwalimu wa chuo anamcheka mwanafunzi aliyefiwa na baba, na darasa zima linacheka. Ndivyo walivyoona, na kwa kweli ndivyo ilivyoonekana. Wapo waliomlaani. Wapo waliouliza huyu ndiye anayefundisha watoto wetu? Wapo walioandika hadithi za misiba yao wenyewe, ndefu, za kuumiza, jinsi watu walivyowacheka wakiwa matangani, na hao ndio walioniliza, kwa sababu hawakuwa na hasira, walikuwa na uchungu wa zamani ambao sisi tumeufunua. Nilijaribu kueleza utani. Nikaeleza mara moja, mara mbili, nikatukanwa mimi. Yule wa "Amina" safari hii hakuandika chochote. Mama wa Mpwapwa aliandika mchana, maneno machache tu. Alisema utani anaujua tangu utoto, amesikiliza akarudia akasikiliza tena. Halafu akauliza, kama ni mtani wake, mbona mwenzake hajibu?

Nilimsomea Zubeda. Aliacha kuchambua mboga, akatazama mikono yake. Mama Neema alipopita kuuliza kama kuna mgonjwa humu ndani tulimwambia hapana.

Mkuu wa idara alimwita Mwalimu, na mimi nikaambiwa nisubiri kwenye korido na simu yangu kwa ajili ya kuonyesha maoni. Sikuitwa kuonyesha chochote. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, nikasikia. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka na amepigiwa simu na watu wakubwa kuliko yeye. Alimwambia Mwalimu ajirekodi akiomba radhi, yaishe. La sivyo somo lile litapewa mtu mwingine na mihadhara yote iondolewe, hata ile mizuri. Mwalimu akauliza aombe radhi kwa nani, kwani aliyetaniwa hajalalamika. Akasema akiomba radhi kwa utani, atakuwa amekubali kwamba alimtukana marehemu, na hapo ndipo atakuwa amemtukana. Mkuu akasema, basi mlete huyo kijana aseme mwenyewe mbele ya kamera kwamba hakuumia. Mimi kwenye korido nikashusha pumzi, nikaona mambo yamekwisha. Mihayo aje, aseme, acheke kidogo, somo la Mwalimu lipone na mihadhara ibaki. Niliona rahisi hivyo, na hadi leo sioni kwa nini isingekuwa rahisi.

Mihayo alikuja Area D kesho yake saa za chakula cha mchana. Zubeda alimpakulia, na yeye akawa anakata tonge na kuliacha, anakata lingine na kuliacha, mpaka sahani ikawa na matonge yaliyopangwa. Nilimweleza jambo la mkuu wa idara kwa furaha kabisa, nikamwambia hata dakika mbili hazifiki. Akaniuliza kama nimeiona ile video. Nikacheka, nikasema nimeiona kuliko mtu yeyote nchi hii. Akasema yeye aliiona juzi kwenye simu ya mtu, akiwa kwenye foleni ya kinyozi. "Darasani nilicheka, Tumaini. Unajua nilicheka. Lakini pale nilimsikia mtu anamcheka baba yangu, nikakaa nasubiri nimjibu. Sikujibu. Nikasubiri mpaka ikaisha, sikujibu." Nikamwambia lakini ulijibu, ni sisi tuliokata. Akasema anajua. Akasema kujua hakumsaidii. Akasema akienda kusema mbele ya kamera kwamba hakuumia atakuwa mwongo, na akisema aliumia atakuwa mwongo pia. Nilimuuliza sasa upi ni ukweli, na akanitazama kwa namna ambayo nilitamani nisingeuliza. Zubeda alikuwa amesimama mlangoni amegeukia nje. Alisema kitu kwa lugha yake, hakikuwa cha kutuambia sisi, na hakukitafsiri.

Mwalimu aliniuliza mwenyewe Mihayo anasemaje. Nilimkuta ofisini kwake, amezungukwa na mafaili na maganda ya karanga, na nilifikiria kumdanganya. Shikamoo Mwalimu, marahaba binti, anasemaje mtani wangu? Nikamwambia yote, hata ya kinyozi. Hakunikatisha. Nilipomaliza alikusanya maganda ya karanga kwenye kiganja, akatafuta pa kuyatupa, akayarudisha mezani. Akasema nimwambie Zubeda alete simu darasani baada ya vipindi, na Mihayo naye aje kama anataka, asilazimishwe.

Nitangulize ya ofisini, ili nimalize na darasani. Somo lilichukuliwa na mtu mwingine, mzuri tu, aliyesoma kutoka kwenye karatasi. Mihadhara iliondolewa yote, na watu wa dirishani waliacha kuja. Mama wa Mpwapwa aliniandikia kuuliza vimekwenda wapi vipindi, ng'ombe wake wamezoea ile sauti. Nilianza kumjibu mara nyingi, na kila nikianza naona naandika asante kwa kutufuatilia, nafuta. Mwalimu aliendelea kufundisha mambo mengine mpaka alipostaafu. Wanaomjua kwa kipande kile ni wengi kuliko waliowahi kukaa mbele yake, na nimekutana nao, watu wema, wanaouliza kama ni kweli nilifundishwa na yule mtu katili. Huwa nawaambia hakuwa katili. Wakiniambia lakini tulimsikia kwa masikio yetu, siwezi kuwakatalia, maana walimsikia kweli. Siku za karibuni nafikiri wenye haki walikuwa wengi mno katika jambo lile, na kila mmoja alikuwa na kipande chake.

Siku ile darasa lilikuwa tupu, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi chini ya mlango. Tulikuwa wanne. Zubeda alisimamisha simu kwenye kigoda, Mwalimu akasimama mbele ya ubao, Mihayo akakaa pale pale nyuma alipokaa siku ya utani. Mimi sikujua nikae wapi, nikakaa katikati. Mwalimu alianza vizuri sana. Aliwaambia wale wanaosikiliza kwamba zamani misafara ya Wanyamwezi ilipita hapa ikielekea pwani, na watu walikufa njiani, mbali na ndugu, na waliowazika ni Wagogo. Alisema mgeni anayefia kwako huwezi kumlilia kama ndugu kwa sababu si ndugu, wala huwezi kumwacha fisi amle. Kwa hiyo unamzika na kumtania, na mtu wa kwao akipita unamtania naye, ili ajue kwamba mtu wake alizikwa na watu. Sauti yake ilikuwa ile ya siku zote, na nilijisemea moyoni kwamba sasa wataelewa wote, hata yule aliyenitukana. Halafu akasema, "Huyu kijana baba yake," akasimama. Akaanza tena, "Huyu kijana baba yake alikuwa," akasimama tena. Akamwambia Zubeda azime. Zubeda akazima, akaionyesha simu kwamba imezimwa kweli.

Mwalimu akapita katikati ya viti mpaka nyuma, polepole, akishika migongo ya viti. Akasimama mbele ya Mihayo, akamshika bega. Akasema, "Pole sana, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mzee."

Nilidhani ndilo neno tulilokuwa tunalisubiri wiki zote zile. Nilishukuru Mungu, nusura nipige makofi. Lakini Mihayo uso ulimbadilika, akautoa mkono wa Mwalimu begani kwake, si kwa nguvu, kama mtu anayeondoa mdudu kwenye nguo ya mwenzake. "Usinipe pole, Mwalimu," akasema. "Pole nimepewa na kila mtu. Hata waliokutukana wananipa pole. Ukinipa na wewe, mimi nimebaki na nani?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, na Zubeda alimwona, na Mihayo alikuwa amekaza macho akimsubiri, shingo imemwinuka, kama anasubiri apewe chakula. Mtu yule hakuwahi kukosa tusi la kumpa Mnyamwezi hata akiwa na malaria. Kisha, kabla hajasema lolote, aligeuka akaitazama simu kwenye kigoda. Ilikuwa imezimwa na alijua imezimwa, lakini aliitazama kwanza, akafunga mdomo.